Tozo za barabara Ulaya ukiwa na motohomu ya tani saba, mambo niliyoyaona

Naomba niandike hili kwa kirefu maana kila nikikaa kijiweni Uyole swali ni lilelile, eti kule Ulaya barabara mnalipiaje, na nikianza tu kujibu mtu anadakia na stori za Nakonde, pale mpakani Zambia, mada inapotea. Kuna vijana wetu wako kwenye mchakato wa kwenda kuendesha semi Poland, wengine wana ndugu huko, nadhani itawafaa, na hata asiye na safari asome tu ajue wenzetu wanavyofikiria.

Ilikuaje mimi dereva wa njia ya Dar mpaka Lubumbashi nikajikuta naendesha nyumba kwenye milima ya Austria, ni hivi. Dada yangu ameolewa Ujerumani, upande wa Bavaria. Shemeji aliwahi kukaa Tukuyu miaka mingi kwenye miradi ya maji, Kiswahili anaongea vizuri tu na Kinyakyusa cha kusalimia wazee anacho, ukimpa chai anakujibu "ndaga fijo" mpaka unacheka. Alipostaafu akanunua motohomu, yaani gari-nyumba, na sio zile ndogo, hii imejengwa juu ya chasi ya lori kabisa, eksele mbili (ile mihimili inayoshika tairi), nyuma tairi nne, ndani kuna vitanda, jiko, choo, bafu la maji moto. Kwenye kadi uzito wake wa mwisho ni kilo 7,490. Sasa shemeji akafanyiwa operesheni ya bega, daktari akamkataza usukani, na safari ya kuwapeleka wajukuu baharini ilishapangwa. Dada ana leseni lakini ni daraja B, na kule daraja B mwisho wake kilo 3,500, zaidi ya hapo hata kama gari ni ya mumeo huiendeshi. Shemeji yeye ana leseni ya zamani, waliopata kabla ya 1999 waliruhusiwa mpaka tani saba na nusu, ndo maana alinunua hiyo gari bila wasiwasi. Basi dada akanipigia, mdogo wangu wewe si una daraja E, njoo utuendeshe. Nikaomba ruhusa kwa tajiri, nikashughulikia viza, nikakata leseni ya kimataifa, nikaenda.

Jioni ya kwanza shemeji akanitandikia kadi ya gari mezani, nikajua huyu ni mtu wa maana. Kadi yao ina herufi kila mstari. F.1 ni uzito wa juu ambao kiwanda kimesema gari inaweza kuhimili, F.2 ni uzito ulioruhusiwa kwenye nchi iliyosajiliwa, L ni idadi ya eksele, V.9 inahusu daraja la moshi, ile Euro 5, Euro 6. Akaniambia mistari hiyo minne ndo itakayotulipisha safari nzima, sio gari yenyewe.

Mwanzoni sikumwelewa. Sisi tumezoea mizani. Ukitoka Dar unapita Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, mpaka Mpemba, na mizani inapima ulichobeba siku hiyo. Eksele ya usukani tani 8, ya nyuma yenye tairi nne tani 10, gari na trela lake mwisho tani 56 kwa ile sheria ya Afrika Mashariki ya 2016. Ukiwa mtupu unapanda mizani huku unapiga mluzi. Kule tozo haina habari na ulichobeba. Uwe umejaza maji, uwe umetoa mpaka magodoro, hiyo gari ni ya kilo 7,490 kwa sababu imeandikwa hivyo. Halafu kila nchi inasoma mstari wake kwenye kadi, hapo ndo watu wanapigwa, wanadhani wakishajua ya nchi moja wamejua zote.

Ujerumani kwenyewe hatukulipa hata senti. Na hii nilikuwa naiogopa maana wale jamaa kuanzia tarehe 1 Julai 2024 wameshusha kiwango, tozo ya malori iliyokuwa inaanzia tani saba na nusu sasa inaanzia juu ya tani tatu na nusu. Kwenye barabara zao unaona nguzo za bluu pembeni, ndefu, zina kamera, kila nikiipita moja nilikuwa naangalia kioo cha pembeni kama nasubiri tochi ya pale Igawa. Shemeji anacheka tu. Tozo yao ni ya magari ya kubeba mizigo, na motohomu haibebi mizigo ya biashara, inabeba watu na vitanda vyao, kwa hiyo haihusiki. Ila usidhani wamekusamehe kila kitu, ile alama ya kukataza malori kuovateki inakuhusu ukizidi tani tatu na nusu, na kwenye haiwei mwisho wako ni 100, wakati vigari vidogo vinakupita kwa spidi ambayo huku ungedhani vimeibiwa.

Jirani yao ana motohomu pia, nje zinafanana kabisa, ya kwake fupi kidogo tu. Akaja na bia zake kutuaga, akatuelekeza kwa upendo kwamba Austria tununue stika ya barabara kwenye simu, siku kumi inatosha, hamna shida. Nikamuuliza, yako kwenye kadi ina kilo ngapi. 3,500. Basi nikamwambia asante mzee, stika hiyo sio ya kwetu. Ukizidi 3,500 Austria stika haikusaidii hata ununue ya mwaka mzima, unatakiwa uwe na kile kiboksi chao kinaitwa GO-Box, unakibandika kwenye kioo cha mbele kwa ndani, na unalipa kwa kila kilomita ya haiwei. Na wanaangalia uzito wa kiwanda, yaani ile F.1. Wapo wanaoenda kushusha uzito kwenye karatasi ili wawe chini ya 3,500, na Austria tangu Desemba 2023 imeanza kuufuata uzito wa kiwanda, wa zamani wamepewa muda mpaka 2029, baada ya hapo ujanja huo unakwisha.

Kiboksi tulikinunua kituo cha mafuta karibu na mpaka wa Kufstein. Chenyewe ni yuro 5 tu, hela yenyewe ni salio unaloweka ndani, ni kama LUKU ya umeme, unapita chini ya mitambo iliyoning'inia barabarani na salio linakatwa. Kipo pia cha kulipa baadaye kwa kuunganisha na kadi ya benki, dada akakataa, anataka kuona hela inaenda wapi. Mhudumu anataka kadi ya gari, namba, nchi, daraja la moshi, eksele. Daraja la moshi ulithibitishe kwa karatasi maana ukishindwa wanakuweka kwenye kundi la magari ya zamani yanayochafua hewa, na bei kwa kilomita inapanda.

Sasa alipomaliza akanikabidhi. Mimi kwa mazoea ya mizani siondoki sehemu kabla sijasoma karatasi, nikakibonyeza kitufe mara moja, taa ikawaka kwenye 3. Eksele tatu! Nadhani alichungulia dirishani akaona tairi sita akapiga hesabu zake. Nikamrudishia kwa heshima, shemeji akatafsiri, yule mhudumu akasema si mnaweza kubadilisha wenyewe kwa kitufe. Hapana, hicho kitufe kinapandisha tu, ukifunga trela unaongeza eksele, ukiliacha unarudi, lakini chini ya ile ya msingi iliyoandikwa wakati wa kununua hakishuki, lazima warekebishe wao kwenye mashine. Akarekebisha. Tungeondoka vile tungelipia eksele hewa mpaka Italia na wala boksi lisingelalamika, maana kulipa zaidi hakuna kengele.

Kengele zenyewe zijueni, hasa nyie wa Poland maana mtapita sana pale. Mlio mmoja ukipita mtambo, safi, imelipwa. Miwili, imelipwa ila kuna kitu cha kuangalia, mara nyingi salio linakaribia kuisha. Minne, haijalipwa. Ukisikia minne usijifanye hujasikia, una saa tano na kilomita 100 za kwenda kwenye kituo chao ulipie kile kipande bila faini, ukizubaa basi kamera zimeshakuona na hiyo itakufuata mpaka kwa tajiri. Na ukimya nao sio dalili nzuri, maana hata boksi likifa betri halilii. Nilimwambia dada azime redio kila tukikaribia mtambo, watoto wakageuza mchezo, mtambo ukipita wote wanapiga kelele "mojaaa!"

Kipande cha Innsbruck kupanda Brenner bei yake iko juu kuliko kwingine, kilomita zake ni kama 35 tu lakini salio linayeyuka. Magari madogo pale yanalipa kando juu ya stika yao, sisi boksi linakata lenyewe. Unapita daraja moja linaitwa Europabrücke, mita 190 kutoka chini, ukichungulia nyumba zinaonekana kama viberiti, na madereva wa kule wanauongelea huo mlima kwa heshima kweli. Nikauliza juu kabisa ni mita ngapi, nikaambiwa 1,370. Nikanyamaza. Mbeya mjini penyewe ni kama 1,700, watu wanauza ndizi na wanaenda kanisani. Lakini barabara yao bana, kona zimelazwa, hakuna lori limekufa katikati ya mlima na majani yamewekwa nyuma, nilikumbuka mlima wetu wa Kitonga nikajisikia wivu. Ukiona salio linavyokatwa na ukiona lami yenyewe unaelewa hela inaenda wapi, mimi binafsi sikulalamika.

Tulipovuka Italia mambo yakageuka kabisa. Boksi la Austria halina kazi, na huo mstari wa uzito tuliokuwa tunauogopa kule hawausomi. Unaingia haiwei unachukua tiketi getini, unatoka unalipa kwa umbali. Wao wanaangalia eksele, na kama ni mbili wanaangalia urefu wa gari kwenda juu pale kwenye eksele ya mbele, ukizidi mita 1.30 wewe ni daraja B, basi. Maana yake yule jirani na tani zake tatu na nusu angekuja pale angelipa sawa na sisi wa tani saba. Shemeji alifurahi hiyo siku mpaka akanunua aiskrimu.

Cha kuwa makini Italia ni laini za getini. Ya njano ya Telepass ni ya wenye kifaa tu, usiingie. Ya bluu ni ya kadi, nyeupe yenye picha ya mkono na hela ni ya keshi. Ukiwa na gari refu amua mapema, ukishaingia umeingia, kurudi rivasi pale na foleni nyuma yako ni hatari na ni kosa. Tiketi usiipoteze, ukiipoteza wanakuhesabia umetoka geti la mbali kuliko yote. Kuna geti moja mashine iliikataa kadi ya dada, sijui kwa nini, foleni nyuma wanapiga honi, dada jasho linamtoka. Kuna kitufe cha msaada, ukibonyeza wanaongea nawe, mashine ikatoa karatasi ya deni na kizuizi kikafunguka. Karatasi hiyo unailipa ndani ya siku 15, mtandaoni au kwenye ofisi zao, hakuna aliyetukamata wala kutufokea. Dada aliilipa usiku uleule kwenye simu, yeye deni halali nalo.

Tulipofika Genova tukapita daraja jipya, lile la 2020. La zamani lilianguka Agosti 2018 na magari juu yake, watu 43 wakafa, na ilikuwa barabara ya kulipia ileile yenye mageti. Shemeji ni mtu wa mabomba na zege, alikaa kimya muda mrefu halafu akasema kwa Kiswahili, kukusanya ni rahisi kuliko kukarabati. Mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili.

Kabla ya mpaka wa Ufaransa tulisimama tukabandika stika, na hizi sio za kulipia, ni zile za kuonya kwamba dereva ana sehemu asizoziona pembeni. Tangu Januari 2021 gari yoyote inayozidi tani tatu na nusu lazima iwe nazo Ufaransa, pembeni zote mbili na nyuma, motohomu nazo zimo. Nawapa hii kwa sababu watu wengi wanajua ni ya malori na mabasi tu.

Tozo ya Ufaransa sasa, hii ndo ilitufanya tubishane kwenye gari. Madaraja yao wanachanganya urefu wa kwenda juu na uzito. Chini ya mita 2 na uzito usiozidi 3,500, daraja la 1. Kati ya mita 2 na 3 na uzito haujazidi 3,500, la 2. Ukifika mita 3 kwenda juu AU ukizidi 3,500, eksele mbili, daraja la 3. Eksele tatu na kuendelea, la 4. Hilo neno "au" ndo lenye hela. Mtu ana gari ya kilo 3,400 kabisa lakini imeenda juu sana, urefu umegonga mita 3 na kitu, analipa sawa na mimi wa tani saba. Dada alikuwa anabisha haiwezekani, mpaka tulipokaa kambini na familia moja ya Waholanzi wakatuonyesha risiti zao, daraja la 3, na gari yao ni chini ya 3,500, wala hawakuwa na la kudai, urefu ni urefu.

Ila ukiwa na haki yako idai. Getini kuna sensa inayokupima, na ikikusoma vibaya kuna kitufe cha msaada, bonyeza kabla hujalipa, sema daraja lako, wana kamera wanakuangalia wanarekebisha. Ukishalipa na kupita kurudishiwa ni kuandikiana barua. Halafu kuna laini zina kizuizi cha juu cha mita 2, hizo ni za magari madogo, usifuate gari ya mbele yako kwa mazoea. Tafuta mshale wa kijani au picha ya kadi, isiyo na kizuizi. Uzuri mageti mengi yana mashine za ngazi mbili, ya chini ya vigari na ya juu ya malori, na usukani ukiwa kushoto unanyoosha mkono tu. Dada alitaka tununue kile kibeji cha kupita bila kusimama, tukakuta vile vinavyouzwa kwa magari madogo mwisho wake tani tatu na nusu, kwa hiyo tukaendelea na kadi. Na kuna barabara nyingine hawana geti kabisa, kamera inasoma namba unapita, halafu ni juu yako kuingia mtandaoni kulipa ndani ya saa 72. A79 wameanza hivyo 2022 na zile za kutoka Paris kwenda Normandie, A13 na A14, zikafuata 2024. Sisi hatukuzipita ila ukizipita hakuna atakayekukumbusha, na kwa mgeni hilo nalihesabu kama mtego, mimi napenda geti lenye kizuizi, angalau unajua umelipa.

Watu wataniuliza kwa nini hatukupita barabara za bure, maana zipo. Tulijaribu siku moja. Vijiji, vizunguko kila baada ya dakika, matuta, wajukuu wanatapika. Dizeli iliyoliwa na gari ya tani saba kwenye kusimama na kuondoka sidhani kama tuliokoa kitu. Kwa gari ndogo sawa.

Kutoka Ufaransa tukaingilia Geneva kwenda Uswisi, na hapa wanahesabu siku. Sio kilomita, sio urefu wa kwenda juu, siku. Wenye magari ya chini ya 3,500 wananunua stika ya mwaka faranga 40. Motohomu ikizidi hapo stika haihusiki, unalipa tozo ya magari mazito kwa bei ya jumla, faranga 3.25 kwa siku, lakini malipo ya chini kabisa ni faranga 25. Piga hesabu, siku saba ni 22.75, kwa hiyo ukae siku moja au saba ni 25 ileile. Na ipo ya siku kumi unazochagua mwenyewe ndani ya mwaka kwa 32.50. Shemeji ana mjukuu Zürich na walikuwa wanarudi tena vuli, tukachukua hiyo ya kumi. Unalipia kwenye apu yao inaitwa Via, kabla hujavuka mpaka, na siku unazowasha ndo zinahesabika. Ikishalipwa unatembea barabara zote za nchi, sio haiwei tu, na handaki la Gotthard la karibu kilomita 17 halina hela ya ziada. Kwa nchi ambayo soda moja inauma vile, hii tozo nilishangaa ilivyo rahisi.

Tulitokea St. Margrethen, unakatiza kakona ka Austria kidogo unaingia Ujerumani kwa Lindau. Shemeji akasema hapa bure, alisoma sehemu. Ni kweli bure, kwa magari ya stika, kile kipande cha A14 walisamehewa tangu Desemba 2019. Wazito hatumo kwenye msamaha. Bahati kiboksi kilikuwa bado kiooni na salio lilikuwepo, kikalia mara moja, wajukuu wakaamka usingizini wakapiga kelele "mojaaa!" Kwa hiyo boksi usilivue kioo mpaka umefika nyumbani.

Nyie mnaoenda kazini Poland kwenu tofauti kidogo, gari ni ya kampuni na kwa kawaida kifaa utakikuta, siku hizi kuna kifaa kimoja kinakubalika nchi nyingi, na Poland wana mfumo wao wa e-TOLL tangu 2021. Lakini eksele unaiweka wewe dereva. Umeacha trela yadi unarudi na hoza peke yake, yaani kichwa cha semi, badilisha. Umefunga trela, badilisha kabla hujawasha gari. Kusema nilisahau pale haisaidii, ukipita na eksele pungufu inahesabika umekwepa tozo, na wa kwanza kusimamishwa barabarani ni wewe uliye kwenye usukani.

Kijiweni walinibishia wakasema sisi huku hatulipi barabara ndo maana mbovu. Tunalipa bana, iko kwenye mafuta, kila lita unayoweka pale Mafinga kuna ya Mfuko wa Barabara ndani yake, na ile ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilipofutwa 2017 wakaihamishia kwenye mafuta hukohuko. Ya getini tunayo daraja la Kigamboni tangu 2016, na Zambia wote mnajua, pale Nakonde gari ya nje unalipa dola kwa umbali unaoenda. Kwa hiyo sio mambo mageni. Binafsi ile ya kwenye mafuta naiona ya haki kwa gari zito kuliko ya Ufaransa, gari ikila lita nyingi inalipa nyingi, hamna kubishana na sensa kuhusu urefu wa gari.

Sasa shemeji bega limepona na ana wazo jipya, anataka kuipakia hiyo gari kwenye meli mpaka Dar, aje nayo Tukuyu apaki kwenye kiwanja cha mkwewe. Ananitumia meseji usiku na mchana. Nimemwambia akifika Vigwaza aingie mizani kama malori mengine maana hata kwetu kuanzia tani tatu na nusu lazima upime, na Mikese hivyohivyo, na Wenda, na Makambako. Jana kaniuliza kama Wenda wanapokea kadi ya benki au alete keshi. Nimemjibu kupima hakulipiwi shemeji, utalipa ukizidisha, wewe toa maji kwenye tenki ukikaribia.